Uliyekwisha Kuonywa

Wanangu, leo sitawahubiria juu ya pombe. Walio Waislamu kati yenu walifundishwa hukumu yake wangali chuoni, na walio Wakristo wana wachungaji wao. Anayekunywa mnazi wake akalala papo hapo mangweni, hesabu yake iko baina yake na Mola wake. Ninayemtafuta ni mmoja: yule aliyekwisha kukamatwa akiendesha gari amelewa, akafikishwa kwa hakimu, akalipa faini, akarudishiwa gari lake, na mwisho wa mwezi uliofuata akaliendesha tena kwenda baa. Nyinyi wengine sikilizeni pia. Karibu kila mmoja wenu anamjua mtu huyo, na baadhi yenu ndio mliochanga ile faini.

Nimekuwa karani wa mahakama hapa Pwani ya Kenya mpaka nywele zikabadilika rangi. Karani hahukumu mtu. Husoma shtaka kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, humwuliza ni kweli au si kweli, huandika jibu, hurudisha jalada kabatini. Lakini mahakimu huhamishwa, karani akabaki. Hakimu mgeni humtazama mshtakiwa kama mtu ambaye hajapata kumwona, na ni kweli hajapata kumwona. Karani anamjua, ila ujuzi wa karani si ushahidi.

Kesi za ulevi barabarani huja Jumatatu asubuhi. Wanaume waliokamatwa Ijumaa na Jumamosi hupanda kizimbani na mashati ya juzi, viatu havina kamba, mikanda imebaki kituoni. Shtaka linasomwa. "Ni kweli." Hakimu anamwuliza kiongozi wa mashtaka kama kuna makosa ya nyuma. "Hatuna rekodi, mheshimiwa. Achukuliwe kama mkosaji wa mara ya kwanza." Kisha mshtakiwa anajiombea huruma: ana mke, ana watoto wanaosoma, mama yake ni mgonjwa, yeye ndiye tegemeo. Mara nyingi yote huwa kweli. Faini inatajwa, ndugu aliyekaa benchi la nyuma anatoka kwenda kulipa, na kabla ya adhuhuri mtu yuko nje akitafuta chai.

Maneno hayo, hatuna rekodi, ndiyo yaliyonichosha katika kazi ile kuliko joto na kelele na majalada yaliyoliwa na mchwa. Kiongozi wa mashtaka hakusema uongo. Rekodi hakuwa nayo kwa sababu hakuna aliyeitafuta. Kosa la kwanza lilikuwa mji mwingine, la pili liliandikwa kwa jina la babu badala ya jina la baba, na kesi inayokwisha kwa dakika tano haina mtu wa kuhangaika na alama za vidole. Basi mtu mmoja anaweza kuwa mkosaji wa mara ya kwanza mara tatu, mara nne, hadi siku anapoletwa kwa shtaka jingine, lenye jina la maiti ndani yake. Na siku hiyo pia, wanangu, nimesikia kwa masikio yangu: hatuna rekodi.

Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, inaliweka kosa la kuendesha gari ukiwa umelewa katika kifungu cha 44. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Ukiua, unapelekwa kifungu cha 46, cha kusababisha kifo kwa kuendesha ovyo au kwa namna ya hatari. Hapo kifungo hakizidi miaka 10, na leseni hufutwa kwa miaka 3. Kisomeni kifungu hicho taratibu. Kinauliza mwendo wa gari, hali ya barabara, wingi wa magari yaliyokuwapo au yaliyotarajiwa kuwapo. Yote ni maswali ya usiku ule mmoja. Hakiulizi kama dereva huyu aliwahi kusimama kizimbani akaambiwa uso kwa uso kwamba ipo siku ataua mtu. Hakimu anaweza kulitazama hilo anapopima adhabu, akipewa rekodi. Na habari ya rekodi mmekwisha kuisikia.

Ninalotaka mlishike ni hili, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo. Mlevi aliyekwisha kuonywa, akiua, hajafanya kosa moja na mlevi wa usiku wa kwanza. Maiti ni maiti, msiba ni msiba, na mjane wa huyu halii zaidi ya mjane wa yule. Lakini mmoja alipuuza jambo ambalo alipaswa kulijua, na mwingine alilijua, akatia sahihi risiti ya faini kuthibitisha kwamba amelijua, kisha akalirudia.

Hili wala si wazo la wanasheria wa leo. Katika Taurati, sheria ya Musa, ng'ombe dume akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe huuawa na mwenyewe huachwa. Lakini kama ng'ombe yule alikuwa na mazoea ya kupiga pembe, mwenyewe akaambiwa, naye asimzuie, basi siku ng'ombe atakapoua, mwenyewe naye anastahili kufa, isipokuwa akitozwa fidia ya kuikomboa nafsi yake. Hata kabla ya hapo, Hammurabi mfalme wa Babeli aliweka sheria kwamba mwenye ng'ombe aliyearifiwa na wakuu wa mtaa wake, asimfunge, ng'ombe akaua, alipe fedha. Adhabu zilitofautiana, lakini wote wawili waliuliza swali lilelile: aliambiwa au hakuambiwa? Mfugaji yeyote wa Tana River analielewa hilo bila kufunguliwa kitabu.

Katika zama zetu, waliolifuata wazo hili mbali ni watu wa jimbo la California, Marekani. Nitaieleza kesi yao kirefu kidogo kwa sababu ina jambo la kutufaa. Mwaka 1979, katika mji wa Redding, mwanamume mmoja alikuwa baa akinywa bia. Alipotoka usiku alipita taa nyekundu, akanusurika kuligonga gari la mtu kwa kukanyaga breki hadi magurudumu yakateleza. Hakutulia. Aliondoka akaongeza mwendo tena, na kwenye makutano mengine akaligonga gari dogo, mama na binti yake wa miaka 6 wakafa. Alipoanza kukanyaga breki mara hii ya pili alikuwa katika mwendo wa zaidi ya kilomita 130 kwa saa, mahali ambapo mwisho ulikuwa kama 56. Ulevi katika damu yake ulizidi mara mbili ya kiwango kilichoruhusiwa.

Waendesha mashtaka walimshtaki kwa mauaji, na jaji wa mahakama ya chini akayafuta mashtaka hayo. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya jimbo, katika kesi inayojulikana kama People v. Watson, ikayarudisha. Hawakukubaliana wote, jaji mkuu wao mwenyewe alipinga. Lakini walio wengi walisema kwamba mtu anayeijua hatari ya kuua, akaipuuza kwa kutaka mwenyewe, anaweza kushtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili hata kama hakutaka mtu yeyote afe. Na walitazama mambo mawili. Walilitazama lile gari alilolikosakosa: alitishika, akasimama, kisha akaendelea kwa mwendo uleule. Wakatazama pia kwamba alikwenda kule baa kwa gari lake mwenyewe, kwa hiyo alijua tangu mwanzo kwamba baada ya kunywa angeliendesha.

Hilo la pili msilipite haraka. Kila mlevi aliyeua husema, sikujijua. Na huenda anasema kweli. Saa tisa usiku hakujijua. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 13, inaipa hoja hiyo upenyo: kulewa kwa kutaka si utetezi, lakini ulevi hutazamwa katika kupima kama mtu alikuwa na nia. Wakili hodari hujishikiza hapo. Mimi namjibu hivi. Saa kumi na mbili jioni ulikuwa na akili zako zote. Ulioga, ukavaa, ukachukua funguo mezani, ukazipita tuktuk na boda boda zinazokuita stejini, ukaendesha kuelekea Mtwapa mahali unapojua hutoki ukiwa mzima. Hukuwa umeonja hata tone. Ukiulizwa wakati ule, utarudi vipi nyumbani, ungejibu bila kufikiri. Basi kama kuna saa ya kukushtaki nayo ni hiyo ya jioni, na katika saa hiyo huwezi kusema hukujijua.

California hawakuishia kwenye hukumu. Tangu katikati ya miaka ya 2000 sheria yao inamtaka hakimu, anapomtia mtu hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa, amwambie waziwazi kwamba kuendesha namna hiyo ni hatari kwa maisha ya watu, na kwamba akirudia na mtu akafa anaweza kushtakiwa kwa mauaji. Maneno hayo huwekwa katika kumbukumbu za kesi, na mara nyingi mshtakiwa huyatia sahihi. Mwezi wa Aprili 2009, katika mji wa Fullerton, kijana wa miaka 22 aliyekuwa mchezaji wa besiboli wa kulipwa, Nick Adenhart, aliuawa pamoja na wenzake wawili, saa chache baada ya kutoka uwanjani. Aliyewagonga alikuwa amelewa na alikuwa na hatia ya nyuma ya kosa hilohilo. Onyo alikuwa amelipata kwa maandishi. Alitiwa hatiani kwa mauaji, akahukumiwa kifungo cha kuanzia miaka 51 hadi maisha.

Sitaki mdhani kwamba Marekani yote iko hivyo, wala kwamba California ilikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1980, huko huko California, binti wa miaka 13 aligongwa akitembea kando ya barabara na mtu aliyekwisha kukamatwa mara kadhaa kwa ulevi, na ambaye siku mbili kabla alikuwa ametolewa kwa dhamana katika kesi nyingine ya kugonga na kukimbia. Adhabu yake ilikuwa ndogo mno. Mama wa binti, Candy Lightner, hakukaa ndani akalia. Alianzisha chama cha akina mama wanaopinga ulevi barabarani ambacho kilibadilisha sheria za nchi nzima. Na mwaka 1988 katika jimbo la Kentucky, mlevi mwenye hatia ya nyuma aliendesha upande usio wake wa barabara kuu, akaligonga basi la kanisa. Likawaka moto. Watu 27 walikufa, wengi wao watoto. Alishtakiwa kwa mauaji, wazee wa baraza la mahakama wakakataa kuyaita mauaji, wakamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Alipewa miaka 16, akatoka mwaka 1999.

Kuna hoja iliyo kinyume na yangu, na nisingependa kuikwepa kwa sababu ina uzito. Inatoka Afrika Kusini, katika kesi isiyo na pombe. Agosti 2010, Blackheath, nje ya Cape Town, dereva aliyebeba watoto wa shule aliyapita magari yaliyokuwa yamesimama kwenye kivuko cha reli, akaingia njia ya treni. Watoto 10 kati ya 14 walikufa. Mahakama ya kwanza ilimtia hatiani kwa mauaji ikampa miaka 20. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Rufaa iliishusha hukumu ikawa kuua bila kukusudia, miaka 8. Majaji waliona kwamba dereva huyo alikuwa amewahi kuvuka namna ileile siku nyingine akafika salama; kwa hiyo huenda aliamini kwamba siku ile pia angefika. Aliiona hatari, lakini haikuthibitishwa kwamba aliikubali.

Ni hoja ya haki, nami sina ugomvi na majaji wale. Lakini ilete kwa mlevi wetu uone inakokwenda. Mtu aliyeendesha akiwa amelewa kwa miaka mingi ana usiku mwingi sana wa kufika salama. Kila asubuhi akiamka akakuta gari liko uani na halina hata mkwaruzo, anazidi kuamini kwamba yeye ni katika wachache wanaoweza. Marafiki wanamsifu: fulani hata akilewa anashika njia. Kadiri alivyozoea kosa ndivyo anavyoweza kusema hakutarajia kifo. Mazoea yenyewe yanakuwa ngao yake mahakamani. Ndiyo maana ninasema onyo la maandishi lina kazi kubwa kuliko faini. Mtu aliyesomewa, akatia sahihi kwamba ameelewa anaweza kuua, hawezi tena kusimama akasema safari zake za salama zilimfanya aamini vingine. Ameamini vingine kwa kuchagua.

Je, sheria zetu zinaruhusu kulichukulia jambo hili kwa uzito huo? Zinaruhusu. Kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahesabu miongoni mwa dhamira ovu ya mauaji kujua kwamba tendo unalolifanya yaelekea litaleta kifo au madhara makubwa, hata kama hujali litayaleta au hapana, hata kama unaomba lisiyalete. Ndugu zetu wa Tanzania wanalo wazo hilohilo katika kifungu cha 200 cha kanuni yao, maana zote ziliandikwa na mkono mmoja wa kikoloni. Hata hivyo sitawaficha: mimi si mtu wa kudai kila mmoja ashtakiwe kwa mauaji. Neno "yaelekea" ni kizuizi kirefu, walevi wengi hufika nyumbani, na sheria yetu bado ina kitanzi ndani yake ingawa hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987. Sitamani kitanzi kwa mtoto wa mtu.

Lipo shtaka la katikati ambalo tumelisahau. Kuua bila kukusudia, kifungu cha 202, adhabu yake ya juu kabisa katika kifungu cha 205 ni kifungo cha maisha. Kwa mtu aliyekwisha kuonywa, hapo ndipo mahali pake. Si lazima hakimu ampe maisha, anaweza kupima. Lakini mzani unakuwa mpana, na familia ya marehemu inasikia mahakama ikikiita kifo kile jina linalolingana nacho, badala ya kukiweka katika jalada la makosa ya barabarani pamoja na tairi zilizochakaa na taa zisizowaka. Hapa hakuhitajiki Bunge. Anahitajika mwendesha mashtaka wa kuangalia rekodi kabla ya kuandika shtaka. Waingereza, waliotuachia sheria hizi, walikwisha kusogea: tangu 2022 anayesababisha kifo kwa uzembe akiwa amelewa anaweza kufungwa maisha, wakati zamani mwisho ulikuwa miaka 14.

Huku mwanzoni, kabla mtu hajauawa, pia kumelegea. Mnakumbuka mwisho wa 2013 Alcoblow, kile kifaa cha kupima pombe katika pumzi, ilipoletwa barabarani, watu walivyokuwa wakipigiana simu kuambiana trafiki wamesimama wapi. Kiwango kilikuwa mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, na kwa dereva wa magari ya abiria hakuna kabisa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kanuni zile haziwezi kuipita sheria yenyewe, na kifungu cha 44 kinataka ithibitishwe kwamba mtu alilewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Majaji walifuata maandishi, na maandishi ndivyo yalivyo. Lakini tazameni matokeo yake: sheria inamngoja mtu mpaka ashindwe kulimudu gari, na kushindwa kwenyewe mara nyingi huonekana akiwa ameshapanda juu ya waendao kwa miguu. Nchi hii inazika watu zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni la wanaotembea kwa miguu. Sisemi wote wameuawa na walevi. Nasema aliyekuwa akitembea kwenda swala ya alfajiri kando ya barabara ya Malindi hakuwa na bima, hakuwa na mkanda, na hakuwa na njia ya kujua kwamba anayekuja nyuma yake amewahi kusamehewa.

Sasa nirudi kwetu sisi wenyewe, maana serikali haiko peke yake katika hili.

Msibani tunasema ni kazi ya Mungu, siku yake ilikuwa imefika. Ni kweli, na ni maneno mazuri ya kumliwaza aliyefiwa. Aliyefiwa ndiye mwenye haki ya kuyasema. Nimechoka kuyasikia yakisemwa na ndugu wa dereva. Mungu alijua siku ya marehemu, lakini hakukuagiza wewe uwe umelewa nyuma ya usukani siku hiyo, kama ambavyo hakumwagiza mwizi avunje mlango kwa kuwa riziki imeandikwa.

Halafu wazee wanakaa. Unaletwa mchele, sukari, mbuzi, na bahasha. Anatafutwa mtu mwenye ulimi mtamu. Na baada ya wiki mbili shahidi aliyeona kila kitu hakumbuki hata rangi ya gari. Mtaniambia, maalim wetu ametufundisha diya, fidia ya damu. Amefundisha sawa. Lakini sheria hiyohiyo, kwa aliyeua kwa makosa, iliweka kafara juu ya diya, nayo kwa asiye na mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Ni nani kati ya mliowaona wakilipa aliyefunga? Tumechukua ile sehemu ya fedha tukaliacha lile zito linalomrudisha mtu kwenye nafsi yake. Na kama huyu aliyeua alikwisha kuonywa, waulizeni masheikh vizuri kabla ya kuliita kosa la bahati mbaya.

Kwa hiyo enyi mliofiwa, fidia ipokeeni. Mjane ana watoto, na karo haingoji hukumu. Lakini msitie sahihi barua ya kuacha kutoa ushahidi. Kesi ya kifo ni ya Jamhuri, haikuwa yenu ya kuuza, na anayewaambia vinginevyo anajua anachokifanya. Nanyi ndugu wa dereva, mlipieni wakili, mpelekeeni chakula rumande, simameni naye. Huo ni udugu. Kumtafutia shahidi asahau ni jambo jingine, na atakayemgonga mara ijayo mtakuwa mmeshiriki kumwua. Na nyinyi marafiki wa mezani, mnaojua kwamba amekwisha kushikwa mara mbili na bado mnamwita "njoo na gari utupeleke": mwende kwa tuktuk. Msingoje saa nane usiku mgombee naye funguo, maana saa hiyo nyote mmelewa na ana nguvu. Kubalianeni jioni.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika jambo hili guu linalovunjika ni la mtu asiyeambiwa chochote, na ndiyo maana siwezi kukuacha ujifunze kwa makosa yako mwenyewe, kama ninavyowaacha vijana katika mengine mengi.

Nawe ninayekutafuta, sikuja kukutukana. Nakufahamu. Ukiwa hujanywa wewe ni mtu mwema, unasalimia wakubwa, unasomesha watoto wa ndugu. Nimewaona wengi wa namna yako kizimbani, na walipolia baada ya kuua walilia kweli. Lakini mwili wako hauna ujanja mbele ya pombe. Pombe hukupokonya kwanza uwezo wa kujipima, kisha ndipo hukupokonya mkono na jicho. Kwa hiyo yule anayekuambia "leo niko sawa" ni pombe yenyewe. Kahawa haiiondoi. Kuoga hakuiondoi. Ini linaitoa polepole kwa saa nyingi, na aliyekunywa sana usiku anaweza kuwa bado amelewa anapowapeleka watoto shule asubuhi.

Ukiweza kunywa bila gari, basi gari liache nyumbani, na funguo mpe mtu asiyekuogopa. Ukijaribu ukashindwa, ukaona kila ukiahidi unarudi, basi hilo si suala la tabia tu, umeshikwa na ugonjwa, na ugonjwa una dawa. Kuwa mgonjwa hakutakuondolea lawama ukiua, kwa sababu aliyeambiwa ana kifafa naye haruhusiwi kuendesha. Lakini kabla hujaua, ugonjwa ni jambo la kutibiwa bila aibu. Hapa Pwani wapo wanaotibu uraibu, na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya kupiga bila malipo, 1192. Ukishindwa kupiga mwenyewe, mpe mkeo simu apige, ukae karibu, ujibu atakachoulizwa.